Moduli ya Kerneli na Adabu ya Kupiga Hodi

Karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro, kuna mama mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi. Wanafunzi humletea ripoti zao za mafunzo kwa vitendo, madereva humletea leseni, na wote wana haraka kwa sababu basi linapiga honi. Kompyuta yake ni ya mtumba, bado imara, na mimi ndiye niliyemwekea mfumo endeshi wa Linux pamoja na kijiti cha Wi-Fi alichonunua Kariakoo. Jumatatu moja alfajiri akanipigia. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," lakini hata marahaba hakuimalizia. "Mwanangu, jana mtandao ulikuwepo, leo haupo, na mimi sijagusa kitu."

Alisema kweli. Kompyuta ilijisasisha yenyewe jioni, ikapata kerneli mpya, yaani kiini kipya cha mfumo, na asubuhi ilipowashwa ikaamkia kwenye hiyo mpya. Nilipofika niliandika amri ya lsmod, ikashuka orodha ya moduli (vipande vya programu vinavyoongezwa kwenye kerneli) zaidi ya 100, ya kijiti haimo. Nikaiita kwa amri ya modprobe, nikajibiwa haionekani. Nikafungua folda ya /lib/modules na kukuta folda mbili ndani yake, moja ya kerneli ya zamani na moja ya mpya. Draiva ya kijiti, yaani programu inayokiendesha, ilikuwa kwenye ile ya zamani peke yake, mahali nilipoiweka mwenyewe baada ya kuijenga kutoka kwenye msimbo ambao mtengenezaji aliutoa mara moja kisha akaendelea na shughuli zake. Nikajaribu kuichukua ilivyo na kuiingiza kwenye kerneli mpya. Ikakataliwa: alama ya toleo haifanani. Nikawasha upya, nikachagua kerneli ya zamani kwenye menyu, mtandao ukarudi na foleni ikaanza kusogea.

Tukio lile dogo lilinikaa kichwani kwa sababu ya jambo jingine nililokuwa nalijua. Mwenye kompyuta, mwenye nywila ya msimamizi, aliyeketi mbele ya mashine yake mwenyewe, alishindwa kuingiza moduli anayoihitaji ili apate riziki ya siku. Kwenye mashine hiyohiyo, kwa mipangilio ya kawaida iliyokuja nayo, programu isiyo na mamlaka yoyote ingeweza kuifanya kerneli ipakie moduli ya itifaki (kanuni za mawasiliano ya mtandao) ambayo pengine hakuna mtu Morogoro nzima amewahi kuitumia. Mwenye nyumba anazuiwa mlangoni, mpita njia anafunguliwa. Hilo ndilo naona linastahili kurekebishwa kwanza katika habari nzima ya moduli za kerneli, na kwa maoni yangu limecheleweshwa na wingi wa kazi nzuri iliyofanyika upande wa ufundi wa kupakia.

Nieleze kidogo kwa asiyeishi na maneno haya. Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu inayogawa muda wa prosesa, inayotunza memori na kuzungumza na vifaa. Linux ina msimbo wa zaidi ya mistari milioni 30, na sehemu kubwa ni draiva: za kadi za mtandao, za spika, za kamera, za diski. Hakuna kompyuta inayohitaji hata robo yake. Kwa hiyo draiva nyingi hujengwa kama moduli, faili ndogondogo zenye kiambishi .ko zinazokaa kwenye diski zikisubiri kuitwa. Kifaa kikichomekwa, moduli yake inaingia kwenye memori na kuanza kazi bila kompyuta kuzimwa.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Januari 1992 Andrew Tanenbaum, profesa aliyetengeneza mfumo endeshi wa MINIX, alimkosoa hadharani Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, kwamba Linux imepitwa na wakati tangu kuzaliwa kwake, kwa sababu kila kitu kimeshonwa ndani ya kerneli moja badala ya kutenganishwa katika programu ndogo zinazolindana. Jibu la Linux, lililopevuka kufikia toleo la 1.2 la mwaka 1995, lilikuwa moduli. Ziliondoa kero ya kujenga kerneli upya kwa kila kifaa. Hoja kuu ya Tanenbaum zilikuwa hazijaigusa. Moduli ikishaingia, inakaa katika memori ileile ya kerneli na kwa madaraka yaleyale. Ikikosea anwani moja ya memori, mashine nzima inalala. Hakuna sebule ya wageni humo ndani, aliyepita mlangoni amefika chumbani.

Ndiyo maana swali la mlango lina uzito kuliko linavyoonekana.

Mabadiliko makubwa ya kwanza yaliletwa na Rusty Russell, mtaalamu wa Australia, mwishoni mwa 2002 katika toleo la majaribio la 2.5.48. Hadi hapo kazi ya kuunganisha moduli na kerneli ilifanywa nje: chombo cha insmod kiliiomba kerneli orodha ya majina ya funksheni zake (vipande vya msimbo vinavyoitwa kufanya kazi fulani) na anwani zake, kikapiga hesabu, kikajaza anwani hizo ndani ya moduli, kisha kikaisukuma ikiwa imeshaiva. Russell aliihamisha kazi hiyo ndani ya kerneli. Sasa faili linakabidhiwa lilivyo na kerneli yenyewe inaliunganisha. Kutoka hapo ndipo tukapata kiambishi cha .ko tunachokiona hadi leo. Wengi walilalamika wakati ule kwa sababu vyombo vyote vya zamani vilivunjika, lakini uamuzi ulikuwa sahihi, maana anayemkaribisha mgeni ndiye anapaswa kumkagua.

Katika kazi ileile kulikuwa na tatizo la kutoka, na hili napenda kulikalia kidogo kwa sababu ndilo linaloonyesha ugumu halisi. Moduli inapoondolewa, memori yake inarudishwa. Je, kama kuna kazi bado inaendeshwa ndani yake? Zamani moduli ilijihesabia yenyewe. Funksheni yake ikiitwa, mstari wa kwanza uliongeza hesabu ya watumiaji, na mstari wa mwisho ukapunguza. Anayetaka kuiondoa aliangalia hesabu, akikuta sifuri anaendelea. Fikiria daladala ambayo abiria hujihesabu mwenyewe baada ya kuketi. Dereva anamuuliza konda kama kuna mtu, konda anasema sifuri, gari linaondoka, kumbe abiria ana mguu mmoja kwenye ngazi. Kati ya kuitwa funksheni na kuongezwa hesabu kuna kitambo kidogo sana, lakini kompyuta yenye prosesa mbili inaweza kufanya mambo mengi katika kitambo hicho, na ikitokea, prosesa inaruka kwenye anwani ambayo msimbo wake umeshafutwa.

Dawa ikawa kuhesabu kutoka nje. Anayetaka kuiita moduli anashika mlango kwanza, anaomba kibali, na akikubaliwa ndipo anapoingia. Ikiwa moduli imeshaanza kuondoka, anaambiwa haipo. Hadi leo, ukisoma draiva ya Linux utakuta mahali pengi neno THIS_MODULE, ambalo kazi yake ni kumwambia mwitaji ni mlango gani wa kushika. Hata hivyo dawa hiyo haitibu kila kitu. Draiva inaweza kuacha saa ya kengele imewekwa, au kuacha jina lake kwenye orodha fulani ya kerneli, kisha ikaondoka. Kengele ikilia, hakuna wa kuipokea. Msimamo wangu juu ya hili ni rahisi: kuondoa moduli ni kifaa cha anayetengeneza draiva, aijaribu na kuirekebisha bila kuwasha upya kila mara. Kwenye seva inayohudumia watu, ukishaipakia iache, na ukitaka kuibadilisha panga muda wa kuwasha upya.

Sasa turudi kwa mpita njia.

Kupakiwa kwa moduli bila kuombwa na mtu ni moja ya raha kubwa za Linux ya leo. Kila kifaa cha USB kina namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa. Kila draiva inatangaza ndani yake namba inazozifahamu, na chombo cha depmod hukusanya matangazo hayo katika daftari moja. Kifaa kikichomekwa, kerneli inapaza namba, daftari linafunguliwa, moduli inaitwa. Waliotumia modemu za 3G hapa kwetu miaka ile watakumbuka kioja chake: modemu ilipochomekwa ilijitambulisha kwanza kama CD yenye programu ya Windows. Ilibidi chombo kiitwacho usb_modeswitch kiitumie ujumbe, ijichomoe kwa njia ya programu, ijichomeke tena ikiwa na namba nyingine, ndipo moduli sahihi iitwe. Sekunde chache, na kijana wa mtaani anaingia kwenye intaneti bila kujua lolote kati ya hayo. Hapo mfumo ulifanya kazi yake vizuri.

Utaratibu huohuo unatumika pia pasipo na kifaa chochote. Programu ikiomba kufungua soketi (ncha ya mawasiliano) ya itifaki ambayo kerneli haina ndani yake, kerneli inaitafutia moduli yake na kuipakia papo hapo. Haiulizi anayeomba ni nani. Februari 2017 mtafiti Andrey Konovalov alitangaza hitilafu katika DCCP, itifaki ya mtandao ambayo ni watu wachache sana duniani waliowahi kuihitaji. Ilipewa namba CVE-2017-6074 katika orodha ya pamoja ya hitilafu za usalama, na ilimwezesha mtumiaji wa kawaida kujipatia madaraka ya msimamizi. Ilikuwa imekaa ndani ya kerneli kwa zaidi ya miaka 10. Wiki chache baadaye Alexander Popov akatangaza nyingine, CVE-2017-2636, katika moduli ya n_hdlc, iliyokuwapo tangu 2009. Nayo ilipakiwa yenyewe kwa ombi la mtumiaji asiye na madaraka.

Tafakari maana yake. Msimamizi wa seva ya kliniki anasasisha programu zake, anafunga bandari za mtandao, anaweka nywila ngumu. Wakati huohuo kwenye diski yake kuna maelfu ya moduli, nyingine ziliandikwa na watu walioacha kazi hiyo zamani, na yoyote yenye mlango wa namna hii inaweza kuingizwa kwenye kiini cha mfumo na mtu aliyepata akaunti ya kawaida tu. Eneo la hatari ni lote lililo kwenye diski, wakati yeye anadhani ni lile lililo kwenye memori.

Kumekuwa na jitihada. Baadhi ya mifumo ya Linux huzuia itifaki chache za kale zisijipakie. Majina yanayoombwa yamewekewa viambishi, ili anayeomba mfumo wa mafaili asiletewe kitu kingine kabisa. Mwaka 2017 Djalal Harouni alipendekeza njia ya kuzuia upakiaji wa namna hii kwa watumiaji wasio na madaraka, hata kwa kila programu peke yake. Pendekezo hilo halikuingia katika kerneli kuu. Sababu kubwa ya kusita ilikuwa hofu ya kuharibu kazi za watu wanaotegemea tabia ya sasa, na hofu hiyo naiheshimu, maana Torvalds ameshikilia kwa miaka mingi kanuni kwamba kerneli haivunji programu za watumiaji. Lakini naona kanuni hiyo imepewa uzito mahali isipostahili. Anayehitaji itifaki ya namna hii anaweza kuandika mstari mmoja kwenye faili la mipangilio. Wasioihitaji, ambao ni karibu kila mtu, hawana namna ya kujua kwamba wanapaswa kuandika mstari wa kuizuia.

Kwa seva kuna kufuli ambalo wengi hawalitumii: ukiweka kernel.modules_disabled kuwa 1 baada ya mashine kumaliza kuwaka, hakuna moduli itakayoingia tena wala kutoka hadi iwashwe upya, hata msimamizi mwenyewe hawezi kulirudisha nyuma. Watengenezaji wa OpenBSD, mfumo endeshi mwingine, walikwenda mbali zaidi. Katika toleo la 5.7 la mwaka 2015 walikuwa wameondoa kabisa uwezo wa kupakia moduli, kila kinachohitajika kimejengwa ndani. Kwao inawezekana kwa sababu vifaa wanavyovihudumia ni vichache na wanaume na wanawake wanaoutumia mfumo huo wanajua walichokifuata. Kwa mama wa Msamvu ingekuwa hukumu ya kutupa kijiti chake.

Watu wengi wakisikia hoja hii hujibu kwamba dawa ni saini ya kidijitali. Tangu toleo la 3.7 la Desemba 2012 Linux inaweza kukataa moduli isiyo na saini inayoaminika, na tangu 3.8 kuna mwito wa finit_module unaoipa kerneli faili lenyewe, ili ijue moduli imetoka kwenye diski ipi. Ni kazi nzuri na ilipaswa kufanyika. Lakini saini inajibu swali moja tu, nani ametuma. Haisemi kama aliyetuma anajua kazi, wala haisemi moduli itafanya nini kesho.

Ushahidi mkubwa tuliupata tarehe 19 Julai 2024, upande wa Windows. Programu ya usalama ya Falcon, ya kampuni ya CrowdStrike, huendesha draiva yake ndani ya kerneli. Draiva hiyo ilikuwa na saini halali, imepimwa, imekubaliwa. Siku hiyo haikubadilishwa. Kilichotumwa kilikuwa faili la data, liitwalo Channel File 291, lenye maelekezo mapya ya kutambua mashambulizi. Maelekezo yalitarajia sehemu 21 za taarifa, na msimbo ulioyasoma ulikuwa unapewa 20. Draiva ikasoma memori nje ya mpaka, na kwa kuwa ilikuwa ndani ya kerneli, mashine ikaanguka. Ikawaka tena, ikasoma faili lilelile, ikaanguka tena. Microsoft ilikadiria kompyuta milioni 8.5. Ndege hazikuruka, hospitali zilirudi kwenye karatasi, na mafundi walilazimika kuiendea mashine moja baada ya nyingine, kuiwasha katika hali salama na kufuta faili moja kwa mkono.

Draiva ilikuwa imepiga hodi kwa adabu zote, ikakaribishwa, na tayari ilikuwa ndani. Kilichomponza mwenye nyumba ni mzigo iliopokea ikiwa chumbani, mzigo ambao hakuna aliyeukagua mlangoni. Ndiyo maana naunga mkono njia waliyoichukua Apple kuanzia macOS Catalina ya 2019, ya kuwahamisha wenye draiva nje ya kerneli kadiri inavyowezekana, ili draiva ikifa ife peke yake. Linux nayo ina eBPF, ambayo inapokea programu ndogo ndani ya kerneli baada ya mkaguzi kupitia njia zake zote na kujiridhisha kwamba haitasoma nje ya mipaka wala haitazunguka milele. Kwa ulinzi, upimaji na uchujaji wa mtandao inatosha sana. Kwa draiva ya kijiti cha Wi-Fi bado haitoshi, na hapo tunarudi kwenye moduli halisi na mwenye nyumba aliyezuiwa.

Kwa nini kerneli mpya iliikataa moduli ya zamani? Kwa sababu kila moduli imechapwa alama ya toleo la kerneli ilikojengewa, pamoja na baadhi ya mipangilio yake. Zaidi ya hapo, kila funksheni inayotolewa kwa moduli inaweza kuwa na namba ya ukaguzi inayokokotolewa kutokana na maumbo ya data zake. Umbo likibadilika, namba inabadilika, na moduli inakataliwa kabla haijafanya madhara. Ulinzi huu ni wa haki. Nisingependa moduli inayodhani sehemu fulani iko baiti ya 40 iingie kwenye kerneli ambayo imeihamishia baiti ya 48.

Linux inaweza kubadilisha maumbo hayo wakati wowote, kwa makusudi. Greg Kroah-Hartman, anayetunza matoleo imara ya kerneli, aliandika waraka unaokaa ndani ya msimbo wa Linux wenyewe akieleza kwa nini uso wa ndani, yaani namna moduli inavyokutana na kerneli, usigandishwe. Mfano wake ni USB, ambayo muundo wake wa ndani umefanyiwa mageuzi angalau mara tatu, na kila mara umekuwa bora. Draiva zilizo ndani ya Linux zilirekebishwa na waliofanya mageuzi, bila wenye draiva kusumbuka. Hoja yake ni kwamba usikae nje, leta draiva yako ndani, itatunzwa bure.

Nimeusoma waraka ule mara nyingi na nakubaliana na karibu kila sentensi. Tatizo langu ni kwamba anayeambiwa alete draiva ndani ni mtengenezaji wa chipu, na anayeadhibiwa asipoileta ni mama mwenye kibanda. Mtengenezaji ameshalipwa. Kijiti kiliuzwa, msimbo uliachwa mahali fulani kwenye intaneti, toleo la kerneli likasonga. Adhabu inamfikia mtu ambaye hakuwa na kauli.

Na wenye uwezo hawakusubiri ruhusa. Kampuni ya Red Hat, katika mfumo wao wa Linux wa biashara, huhifadhi orodha ya funksheni za kerneli ambazo hazitabadilika kwa maisha ya toleo kubwa, ili draiva za nje ziendelee kufanya kazi baada ya kila sasisho. Google walifanya kama hivyo kwa Android, na hapo ndipo jambo hili linapogusa mifuko ya watu wetu wengi kuliko kompyuta za mezani.

Zamani kerneli ya simu janja ilikuwa nakala ya nakala ya nakala. Google ilichukua Linux na kuongeza yake, mtengenezaji wa chipu akachukua hiyo na kuongeza yake, mtengenezaji wa simu naye akaongeza ya kamera na skrini. Google wenyewe wameandika kwamba hadi nusu ya msimbo unaoendeshwa kwenye kifaa ulikuwa haumo katika Linux kuu wala katika kerneli ya pamoja ya Android. Kiraka cha usalama kikitoka, kilipaswa kupita mikono hiyo yote, na kila mkono ungeweza kusema simu hii haiuzwi tena, hatuna haja. Ukinunua simu ya bei ya chini Kariakoo au Luthuli Avenue, ndani ya miaka miwili unaweza kujikuta unabeba benki yako, M-Pesa yako na picha za wanao kwenye kerneli ambayo hakuna anayeiziba tena.

Kuanzia Android 12, kwa simu zinazotoka na kerneli ya 5.10 na kuendelea, kerneli imekuwa moja inayojengwa na Google, na vitu vya chipu na vya kampuni ya simu vimehamishiwa kwenye moduli. Kati yao kuna uso uliogandishwa: orodha ya funksheni ambazo moduli zinaruhusiwa kuzitumia, na ambazo hazitabadilika ndani ya tawi hilo la kerneli. Kerneli inaweza kuzibwa na kubadilishwa, moduli zikabaki zilivyo. Ahadi ina mwisho wake. Tawi jipya likija, uso mpya unajadiliwa, na hivyo mageuzi anayoyatetea Kroah-Hartman hayakufungwa mikono. Bado mtengenezaji wa simu anaweza kuzembea asitume sasisho, na hakuna moduli itakayomlazimisha. Lakini kisingizio cha kwamba kazi ni kubwa mno kimepungua sana.

Kwa hiyo ahadi ya muda maalumu si ndoto. Inatolewa tayari kwa mteja anayelipia mfumo wa biashara, na inatolewa kwenye simu. Asiyepewa ni mtumiaji wa Linux ya kawaida, yule wa kompyuta ya mtumba. Ningependa mifumo mikubwa ya bure ikubaliane orodha moja fupi, ya funksheni za USB, za Wi-Fi na za sauti, isiyobadilika kwa muda wote wa tawi moja la matengenezo marefu. Orodha fupi kweli, na kwa draiva zenye msimbo wazi tu. Wapo watakaosema hilo litawafanya watengenezaji wakae nje milele. Kama ahadi inakwisha na tawi, kila baada ya miaka michache watarudi mlangoni, na anayechoka kurudi atakuwa na sababu ya kuleta draiva yake ndani. Vifaa vya kuigawa vipo pia: tangu toleo la 5.4 la 2019 funksheni zinazotolewa zinaweza kupangwa katika makundi yenye majina, na moduli inapaswa kutangaza kundi inalolitumia.

Kazi kwenye kipakiaji chenyewe haijasimama, na sitaki kuidharau. Mwaka 2023, katika toleo la 6.5, Luis Chamberlain na Torvalds walishughulikia tatizo la mashine zenye prosesa nyingi ambazo wakati wa kuwaka ziliomba moduli moja mara nyingi kwa pamoja, kila ombi likichukua memori yake kabla ya kugundua kwamba mwenzake ameshaleta. Sasa maombi ya faili moja yanayogongana yanahesabiwa kuwa ombi moja. Wenye seva kubwa wamefaidika. Ningefurahi kuona umakini uleule ukielekezwa kwa ombi moja tu, la mtumiaji asiye na madaraka anayetaka itifaki ambayo mashine haijawahi kuitumia.

Kwa mama wa Msamvu nilifanya nilichoweza. Niliweka DKMS, chombo kilichoanzia Dell mwaka 2003, ambacho huijenga upya draiva ya kijiti kila kerneli mpya inapokuja. Inachukua dakika chache na kompyuta yake inapiga kelele kidogo. Niliacha kerneli ya zamani kwenye menyu, nikamwonyesha namna ya kuichagua, akaiandika kwa mkono kwenye karatasi na kuibandika ubavuni mwa skrini. Kisha nikafungua faili jipya ndani ya /etc/modprobe.d na kuzifungia moja moja itifaki ambazo hatazitumia, DCCP ikiwa ya kwanza. Aliniuliza naandika nini muda wote huo. Nikamwambia nafunga milango ya nyuma. Akaniambia, "Funga yote, mwanangu, ila wa mbele uniachie, wateja wamekuja."